Habari za Mchumba wa Rukia

Jumatatu, 5 Mei

Nimemaliza kola mbili. Mvua tangu alfajiri, umeme unakwenda na kurudi. Bora cherehani ya miguu. Kanzu iliyobaki ni ya Idrisa, mchumba wa binti yangu Rukia. Ndoa Ijumaa ya wiki ijayo. Kijana anaongoza watalii hifadhini Saadani. Nampenda. Hana makuu.

Jumanne, 6 Mei

Siku mbaya. Kaka Bakari kaingia dukani bila hodi, simu mkononi. Ukurasa mmoja wa habari mtandaoni unasema Idrisa Salehe wa Saadani amekamatwa akiwa na nyamapori, yuko nje kwa dhamana. Picha yake iko pale, anacheka. Kurasa nyingine mbili zinasema hivyo hivyo. Kaka anataka tuvunje uchumba leo leo.

Mimi niliamini. Papo hapo.

Mama Rukia analia jikoni. Rukia alisoma, akarudia kusoma. Akampigia Idrisa. Kijana akakana, akaapa. Nilidhani hapo Rukia atatulia. Wapi.

"Nimemsikia, Baba. Lakini huyo ndiye mwenye kesi. Nipeni siku chache."

Jumatano, 7 Mei

Majirani wamekuja "kutusalimia". Hawajawahi kutusalimia wengi hivi.

Alasiri Rukia akanikalisha na simu. Kurasa zote tatu zimeandika "amekamtwa". Herufi ile ile imeanguka, mahali pale pale. "Hawa si mashahidi watatu, Baba. Ni mmoja, wenzake wamemnakili." Hakuna jina la mwandishi. Hakuna ofisa aliyetajwa kusema. Haijulikani alikamatwa lini, wala wapi. Na picha ni ya sikukuu ya Idi. Idrisa aliiweka mtandaoni mwenyewe, yeyote angeweza kuichukua.

Nikafurahi. Nikashika simu nimpigie Kaka. Akanizuia mkono. Habari ikiandikwa ovyo, akasema, bado yaweza kuwa kweli.

Sikupenda kusikia hivyo. Lakini kasema kweli.

Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi nikaona nuru. Ukurasa mwingine, wa huko huko Saadani, unasema Idrisa ni shujaa, kawadhibiti majangili kwa mikono yake. Nikamsomea Rukia kwa sauti. Uso wake haukubadilika.

"Huu naupenda mno, Baba. Ndiyo maana nauogopa."

Akapekua habari za nyuma. Ukurasa mzima ni sifa za Idrisa na jamaa zake. Mwenye ukurasa ni binamu yake.

Nilimkasirikia mwanangu. Alininyang'anya furaha yangu mdomoni. Kisha hasira ikaisha, nikabaki kumtazama. Yeye ndiye anayempenda yule kijana, si mimi. Na bado hauachi moyo wake umwamulie. Katoka wapi mtoto huyu?

Jumamosi, 10 Mei

Tumekwenda Saadani kwa gari la kukodi, mimi na yeye. Mbele ya Mkange tope tupu. Tulishuka tukasukuma.

Tulianza kwa mtendaji wa kijiji, kisha askari wa hifadhi getini. Rukia hakuwaambia yeye ni nani kwa Idrisa. Aliwauliza maswali yale yale, kila mmoja peke yake, kwa adabu. Nani alikamatwa? Lini? Wapi? Majibu yakalingana. Aliyekamatwa ni Idrisa Salehe mwingine, mtu mzima, mwenye watoto, wa kijiji jirani. Kesi yake haijasikilizwa. Mchumba wetu siku hiyo alikuwa na wageni wake. Hakukamatwa, wala hakumkamata mtu.

Hapo ndipo Rukia alipolia.

Kisha tukaenda kwa Idrisa. Nilitarajia kicheko. Rukia alimuuliza kama aliijua ile habari ya ushujaa. Akainamisha kichwa. Aliijua. Alimwachia binamu yake.

"Walipokuzulia uovu ulikasirika," Rukia akasema, mbele yangu. "Walipokuzulia ushujaa ukanyamaza. Ifutwe, na watu waambiwe ukweli. Ndoa tutaizungumza baadaye."

Kijana akatusindikiza hadi garini. Tumerudi hivyo hivyo.

Jumapili, 11 Mei

Simu kimya. Mama Rukia anamlaumu: mwanamume gani atavumilia kuaibishwa kwa jambo la kumsifu? Rukia anafua. Macho mekundu. Neno lake hajalirudisha.

Naogopa. Nataka ndoa hii kuliko ninavyoonyesha. Lakini sikumwambia ampigie. Sikuweza.

Jumatatu, 12 Mei

Imefutwa. Idrisa kaandika mwenyewe, kwa jina lake. Hakukamatwa. Hakukamata mtu. Aliyekamatwa hajahukumiwa, watu waiachie mahakama. Hakumtukana yeyote.

Nilimpelekea Kaka Bakari aisome. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akaniuliza hili la mwisho, la kuiachia mahakama, nani kamfundisha. Nikasema sijui. Nadhani najua.

Rukia kampigia. Walizungumza uani. Nilisikia akicheka.

Ijumaa, 16 Mei

Ndoa imefungwa baada ya swala. Watu hawakuwa wengi. Wapo ambao hawakuja, bado wanaamini ule ukurasa wa kwanza. Nao haujasahihisha kitu hadi leo. Iliniuma kidogo. Rukia haikumshughulisha. Waliotaka kujua waliuliza, akasema, wakajibiwa.

Kaka Bakari alifika wa kwanza. Alipokea wageni, alihangaika na viti. Alipomwona bibi harusi alisimama, yeye mzee, akampisha apite.

Kabla ya kuondoka Rukia alikuja kuniaga. Akapiga magoti, akaubusu mkono wangu.

"Shikamoo, Baba."

Nilichelewa kuitikia. Nilikuwa bado namtazama.