Darubini Aliyoichagua Sarlien

Sutherland, 9 Septemba

Mwanangu Sarlien,

U mzima? Mimi mzima, goti tu ndilo lina malalamiko, na baridi ya hapa Karoo haijaambiwa bado kwamba Septemba imeingia. Jirani yetu Bi Drieka anakusalimu. Juzi kaniletea mguu wa kondoo, kwa hiyo usianze kuniuliza ninakula nini. Simu yangu imekufa na sina haraka ya kuifufua. Barua hii anakuletea Isak, dereva wa lori la sufu.

Sasa sikiliza. Bi Truter wa nyumba ya wageni anatafuta mtu wa kuwaonyesha wageni nyota. Vijana wawili wenye vyeti wameshaomba. Mimi nikamwambia nimelala nje na kondoo miaka arobaini na moja, na kwamba binti yangu yuko chuo kikuu anasomea nyota hizo hizo, karibu atakuwa profesa. Akanitazama, akasema niende nikajaribiwe tarehe 26 Oktoba. Nikipata kazi hiyo nabaki nyumbani kwangu. Nikikosa, najua utaniburuta kuja kwako Bellville, na huko nitazeeka nikitazama taa za barabarani.

Ile darubini uliyoninunulia ni nzuri mno. Shida ni kwamba wageni ni kumi na wawili na tundu la kuchungulia ni moja. Mmoja anatazama, kumi na mmoja wanaganda. Tena Kilimia, lile kundi la nyota, haiingii yote. Unaona nyota tatu nne, dada zao wamebaki nje. Nahitaji ya macho mawili, ya kushika mkononi, isiyonimalizia hela ya unga. Wewe ndiye mjuzi. Ninunue ipi?

Baba yako,
Gert

Bellville, 16 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na goti. Mimi sijambo, dukani tu ndiko hatupumui.

Usikimbilie namba kubwa. Kila darubini ya macho mawili imeandikwa namba mbili: ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Nunua kumi kwa hamsini. Ya ishirini itaikuza nyota, na itaukuza mtetemo wa mkono wako vilevile. Watakuambia saba kwa hamsini ndiyo ya usiku, na kwa kijana ni kweli. Hamsini ukigawa kwa saba unapata saba na kitu, huo ndio upana wa mwanga unaotoka nyuma na kuingia jichoni. Mboni ya mzee haifunguki kiasi hicho tena. Yako nadhani inaishia milimita tano, na hamsini kwa kumi ni tano kamili. Usinune, ni umri tu.

Achana na zenye vioo vyekundu vya kumetameta. Ile unayotaka kununua, ishike mbali na uso uitazame kwa nyuma: utaona kiduara cha mwanga. Kikiwa na pembe, irudishe. Na uijaribu kwa nyota, Baba, usiijaribu mchana.

La pili linaniuma. Mimi siko chuo kikuu. Niliacha mwaka wa kwanza Mama alipougua, na unajua hivyo. Huu ni mwaka wa sita nauza miwani. Kila nikija likizo watu wananiita profesa, nami napita nyuma ya nyumba nisikutane nao. Naomba uache.

Mwanao,
Sarlien

Sutherland, 2 Oktoba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua hakuna.

Mboni ya mzee, eti. Mboni hizi zilimwona mbweha gizani kabla wewe hujazaliwa. Hata hivyo nimekusikia. Darubini nimeshainunua kwenye duka la ushirika la wafugaji, kama ulivyosema. Ni ya uhakika, na Bi Truter atajua amepata mtu wa namna gani. Hilo la pili tutaongea ukija.

Baba yako,
Gert

Bellville, 11 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujalazwa na ugonjwa, maana tarehe 26 imepita, wiki ya tatu sasa, na sina hata mstari mmoja kutoka kwako.

Nilimuuliza Isak, akaanza kukagua matairi. Nikambana. Akasema mambo hayakwenda vizuri kwa Bi Truter, na kwamba mezani kwako kuna darubini ya ishirini yenye vioo vyekundu.

Sitaki kukugombeza. Nakutumia hii, kumi kwa hamsini. Mteja aliirudisha dukani kwetu kwa sababu imechubuka ngozi ya nje. Vioo ni vizima, nimevisafisha mwenyewe, na nimeijaribu siku tatu juu ya paa letu. Nimeuziwa kwa bei ya chee, kwa hiyo usinianzie.

Mwombe Bi Truter nafasi moja tena. Uchukue kiti na ile fimbo yako ndefu ya kuchungia. Ukikaa, isimamishe mbele yako, ushike kichwa chake, na darubini uilaze juu ya ngumi. Nilipokuwa mdogo nilikuona ukiegemea fimbo hiyo saa nzima bila kutikisika.

Ukikosa, kitanda chako huku kipo. Lakini kaombe kwanza.

Mwanao,
Sarlien

Sutherland, Jumapili, 1 Desemba

Mwanangu Sarlien,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Yangu imerudi jana.

Nilikudanganya. Pale ushirika niliweka viwiko juu ya kaunta, nikaielekeza ile ya ishirini mlimani, nje ya mlango. Nikazisoma alama za masikio ya kondoo wa mfugaji Olivier, mmoja baada ya mwingine, mahali pa mwendo wa robo saa. Mchungaji akishaona sikio la kondoo, anataka nini tena? Kumi kwa hamsini ilikuwa palepale pembeni, nikaiona ya watoto.

Kwa Bi Truter nyota zilicheza ngoma. Mgeni mmoja akasema anasikia kichefuchefu. Bi Truter akauliza nani kaniuzia kitu hicho, nami nikajibu kwamba aliichagua binti yangu profesa. Aibu yangu nikakutwika wewe. Ndiyo maana sikuandika.

Yako ilipofika nilikwenda kumwomba, kofia mkononi. Jana akanipa wageni kumi na wanne. Mmoja yuko kwenye ile darubini kubwa ya tundu moja, wengine wanapokezana kiti na fimbo. Kilimia iliingia nzima, na nafasi ikabaki. Bibi mmoja alihesabu nyota mpaka thelathini na moja, akakataa kuondoka kitini, mumewe akaja kumvuta. Hakuna aliyekimbilia ndani kuota moto.

Bi Truter akauliza mbele ya wote, "Na hii pia kachagua profesa?"

Nikavua kofia. Nikasema, "Sina binti profesa. Nina binti anayeuza miwani Bellville. Aliacha chuo akamuuguza mama yake mpaka mwisho. Ile mbovu niliichagua mimi. Hii kaichagua yeye, na anajua mpaka mboni za baba yake zinafunguka kiasi gani."

Kazi nimepata. Naanza Ijumaa. Bi Truter anataka mbili zaidi kama hii, na amesema nikuulize wewe, ushirika nisiukaribie.

Ukija Krismasi, pita katikati ya barabara. Leo kanisani, matangazo yalipokwisha, nilisimama nikawaambia wote binti yangu anafanya kazi gani. Bi Drieka alilia. Mimi sikulia, nilikuwa najivuna mno.

Baba yako,
Gert wa milimita tano