Mzizi Mtamu Katika Birika la Safu ya Mafundi

KIKUNDI CHA USTAWI CHA SAFU YA MAFUNDI, SOWETO EAST, KIBERA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, 14 JUNI 2025, KIBANDANI KWA NDUKU, KUANZIA SAA NANE ALASIRI

Waliohudhuria:
Wepukhulu, fundi wa nguo – Mwenyekiti
Katunge, fundi wa nguo – Katibu
Nduku, mpishi wa chai ya safu
Nanyama, fundi wa nguo
Ambrose, fundi wa viatu
Joan, msusi

Mwalikwa: Musembi, muuza mitishamba, Kawangware 56, kwa ombi la Nanyama

Asiyehudhuria bila udhuru: Obiero, fundi wa redio, ambaye alipita nje ya kibanda, akapunga mkono na kuendelea na safari yake.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Ambrose aliongoza maombi. Maombi yalikuwa marefu na yaligusa mambo ambayo hayakuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti aliwashukuru wanachama na kuahidi kwamba kikao kitakuwa kifupi. Hakikuwa.

KUMB. NA. 2/06/2025: UZEMBE WA NANYAMA

Mwenyekiti alieleza kwamba sare za shule walizogawiwa mafundi wa nguo zimechelewa kwa sababu ya Nanyama, ambaye siku hizi huketi mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Alisema kila mtu ana shida zake, na hata yeye mgongo unamuuma. Katibu anakumbusha kwamba mgongo wa Mwenyekiti umo katika kumbukumbu za vikao vyote vya mwaka huu.

Nanyama alivua kiatu, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba mbele ya kikao, na shimo likabaki pale pale. Wanachama waliliangalia mpaka lilipojaa. Mwenyekiti aliomba ajenda ibadilishwe jina, na ikakubaliwa.

KUMB. NA. 3/06/2025: MIGUU YA NANYAMA

Nanyama alieleza kwamba ana presha na humeza dawa kila asubuhi. Presha ilikuwa imetulia, lakini tangu mwezi wa pili inapanda tu. Zahanati imemwongezea dawa na bado inapanda, miguu inavimba, na mapaja hayana nguvu. Juzi alianguka kwenye ngazi za nyumba yake. Daktari alipompima damu alikuta potasiamu imeshuka sana, akamwambia kwamba ikiendelea hivyo moyo wenyewe unaweza kukosea mapigo.

Daktari alimuuliza ni kitu gani kipya anachokula. Alisema hakuna. Akamuuliza anakunywa nini. Alisema chai ya saa nne, kama watu wote wa safu. Daktari akataka kujua chai hiyo ina nini ndani, akatajiwa mzizi mtamu, na hapo ndipo yote yalipoanza kuchanganyika.

Katibu anaeleza kwa manufaa ya atakayesoma haya baadaye. Chai ya saa nne hutoka kwenye birika moja. Waliokosana hupatanishwa kwenye birika hilo, na asiyekunywa huulizwa ana kinyongo na nani. Mwezi wa pili, wanachama walipojua kwamba Nanyama ana presha, Nduku alipendekeza sukari iondolewe birikani kwa ajili yake. Ilipitishwa bila kupingwa. Mahali pa sukari pakawekwa mzizi mtamu wa Musembi. Birika hukaa juu ya jiko kutwa. Maji yakipungua Nduku huongeza maji, na mzizi pia huongeza, wala ule wa asubuhi hautoi.

KUMB. NA. 4/06/2025: KAMA MZIZI NI DAWA AU SUMU

Musembi alisema ameuza mzizi huo kwa miaka na hajaona mtu akivimba. Unalainisha koo, unatuliza kikohozi na kutuliza tumbo. Ambrose aliunga mkono kwa sauti kubwa, akisema vidonda vyake vya tumbo vilinyamaza tangu aanze kuunywa, na kwamba anayetaka kuuondoa aje amwambie ana kwa ana.

Joan alisoma kwenye simu yake kwamba mzizi unaitwa urukususu, unasaidia tumbo na koo, halafu chini kidogo kwamba unapandisha presha. Mwenyekiti alimwagiza asome ukurasa mwingine. Ukurasa mwingine ulisema vivyo hivyo, tena ukaongeza kwamba wajawazito wajiepushe nao. Nduku aliuliza ni nani mjamzito. Suala halikufuatiliwa.

Joan alisoma tena kwamba kuna aina iliyotolewa ile sehemu yenye madhara. Musembi aliulizwa kama yake ndiyo hiyo. Alijibu kwamba yeye hajatoa kitu chochote, ameuza mzizi mzima, na hajawahi kuibia mteja.

Nduku aliomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: "Kwa hivyo mnasema nimekuwa nikipikia huyu mama sumu? Semeni tu. Joan, wewe ndio unasema?"

Joan alijibu: "Mathe, tulia. Si mimi, ni simu. Hata mimi nimeikunywa na niko fiti."

Mwenyekiti aliamua swali lipigiwe kura: dawa au sumu. Ambrose alinyoosha mkono mara zote mbili. Katibu aliuliza aandike nini kama matokeo. Mwenyekiti alisema iandikwe kwamba haikueleweka.

Nanyama ndiye aliyetuliza mambo. Alisema daktari hakusema sumu. Alisema mzizi huo ukinywewa kwa wingi kila siku unaufanya mwili ushike chumvi na maji na kuitoa potasiamu. Dawa yake ya presha nayo ni ya kumkojoza, na inatoa potasiamu vilevile. Kwa hiyo vitu viwili vinavuta upande mmoja, na kinachovutwa ni yeye. Mwenye afya akinywa kikombe mara mojamoja huenda asione lolote. Akiacha mzizi na kuendelea na dawa, daktari anatarajia presha ishuke baada ya majuma machache.

KUMB. NA. 5/06/2025: SUKARI

Katibu aliuliza ni nani aliyekiambia kikundi kwamba Nanyama amekatazwa sukari. Wanachama waliangaliana. Nduku alisema si presha na sukari ni ugonjwa mmoja, mbona watu huvitaja pamoja siku zote? Nanyama alisema alipimwa sukari na hana. Zahanati ilimwambia apunguze chumvi.

Katibu naye alikuwa amenyoosha mkono kuipitisha hoja ile ya mwezi wa pili, na sasa hajui alidhani nini.

Mwenyekiti alimuuliza Nanyama kwa nini hakusema tangu siku ile. Maneno yake yanaandikwa yote:

"Tangu nitoke Bungoma, hakuna mtu amewahi kubadilisha sufuria yake juu yangu. Kwa bwana yangu nilikuwa nakula chenye kiko. Hapa safu mzima mmeacha sukari juu ya Nanyama, na huyu Ambrose anapenda sukari kama mtoto. Sasa ningesema nini? Niseme mmekosea? Nilikunywa. Hata miguu ikifura nilikuwa nakunywa, ile ya kwanza kabisa kumiminwa, ndio Mama Nduku asisikie vibaya."

Nduku alilia na kikao kilisimama kwa muda.

KUMB. NA. 6/06/2025: MAAZIMIO

Mzizi utolewe birikani, na uliobaki urudishwe kwa Musembi. Musembi alikubali kuwauliza wateja kuhusu presha na dawa wanazomeza kabla ya kuwauzia. Ambrose atamweleza daktari mwenyewe habari za tumbo lake. Wanachama wote wapimwe presha, kwa kuwa wote wamekunywa. Nduku atamsindikiza Nanyama zahanati Jumanne. Sare za Nanyama zitashonwa na Mwenyekiti, mgongo wake ukiwa hivyo hivyo.

Mwenyekiti aliomba neno "uzembe" lifutwe kwenye kumbukumbu hizi. Katibu alikataa, kwa sababu lilisemwa. Mwenyekiti alimgeukia Nanyama na kumwomba msamaha, nao umeandikwa vilevile.

KUMB. NA. 7/06/2025: KUFUNGA KIKAO

Ambrose aliuliza kama sukari sasa inaweza kurudi. Nanyama alisema iwekwe, yeye haimdhuru. Nduku, ambaye alikuwa akisugua birika kwa mchanga tangu ajenda iliyotangulia, alisema leo haweki kitu chochote ambacho hajakielewa.

Iliteremshwa strungi tupu, chai ya rangi isiyo na sukari wala mzizi, na Nanyama akamiminiwa wa kwanza. Ilikuwa chungu. Hakuna aliyebakisha.

Kikao kilifungwa saa kumi na nusu jioni, Obiero akiingia kuuliza kama chai imebaki.

Mwenyekiti: Wepukhulu .......................... Tarehe ..............

Katibu: Katunge .......................... Tarehe ..............