Baba, Neema Ndiye Profesa Wetu Mpya

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kuhusu Neema, yule mwanafunzi wako wa kemia pale Tabora. Chuo ninapofundisha hapa Toronto, jengo la mawe la karne ya kumi na tisa, kilikuwa kinatafuta profesa mpya wa sayansi, nami niliwekwa kwenye kamati ya kumchagua. Yalibaki majina matatu. Moja lilikuwa lake.

Unazikumbuka zile Jumamosi? Neema alikuja na daftari lake, ukamvutia kiti mezani, mkakokotoa mpaka chai ikapoa. Mimi, mwanao wa kumzaa, ulinituma nikaoshe chupa za maabara. Siku moja nilisimama mlangoni nikingoja uniite. Ukasema, "Yohana, funga mlango, kelele." Sikuwa nimetamka neno.

Nikasoma, nikavuka bahari, nikawa mhadhiri. Kila asubuhi nikipanda treni kituo cha Weston kwenda mjini nilijiambia, sasa Baba ataniona. Lakini kila nilipokupigia simu uliuliza, "Na Neema, unamsikia?"

Basi akaja kufundisha somo la majaribio mbele yetu. Aliandika ubaoni, akageuka, akanyamaza kidogo ili watu wafikiri, vilevile ulivyokuwa ukifanya wewe. Nikaona wivu, Baba.

Kwenye kikao nilieleza kwamba namfahamu tangu utotoni. Mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu, akasema maadamu si ndugu yangu, nibaki. Kisha akaniuliza, "Unamwonaje?"

"Ana kiburi," nikajibu. "Ni vigumu kufanya naye kazi."

"Uliwahi kufanya naye kazi?"

Wote walinitazama. Kura za wenzangu zilikuwa zimegawanyika sawasawa. Uongo mmoja tu ungemmaliza.

"Hapana," nikasema. "Nimesema vibaya. Ni wivu wangu. Katika hao watatu hakuna anayemfikia." Nikanyosha mkono kumpigia kura.

Usidhani roho yangu ilitulia. Nilirudi nyumbani nikakataa chakula, mke wangu akadhani naumwa.

Jana Neema alibisha ofisini kwangu, barua ya kazi mkononi, uso unang'aa. "Kaka Yohana, Mwalimu hajambo? Nipe namba yake. Sitaki alisikie hili kwa mtu mwingine."

Kumbe hakuwa na habari. Nikamwambia umetutoka tangu mwaka jana. Aliketi palepale sakafuni na koti lake, akakulilia kwa sauti mpaka wenzetu wakachungulia.

Mimi mazishi yako niliyatazama kwenye simu, kati ya kipindi na kipindi, macho makavu, kisha nikaenda kufundisha. Jana nilisimama kando ya Neema nikiwa sijui niweke wapi mikono yangu. Na hayo machozi nayo, Baba, nikamwonea wivu.

Pumzika huko uliko. Mimi bado.

Mwanao,
Yohana