Nyuma ya Shuka

Kwako mwana wa ami yangu,

Nakusalimu, na naanza na lawama: tangu ulipovuka mpaka na baba yako baada ya vita, hata salamu za mdomo hukutuletea. Nyumbani sote tu wazima. Bibi pia mzima, na ulimi wake mkali vile vile.

Bado unakula kwa shoto? Naikumbuka miezi ile baada ya bunduki kunyamaza. Nyumba yenu ya bara ilikuwa imeungua, mkaja kukaa kwetu kisiwani. Watu walidhani tutashinda tukilia. Sisi tulichota maji, tukapeta mchele, tukachekana. Bibi alikupiga kofi mkononi kwenye sinia, "Mkono huo!", ukahamia wa kulia kwa matonge mawili, kisha ukarudi kule kule. Wazee walikwisha kukubaliana tuoane, basi nikakupima kichwa kwa uzi, nikaanza kukushonea kofia. Hukungoja iishe.

Sasa nimeposwa. Ni mwenye duka la mafuta ya taa, mtu mpole. Baba alinipa muda nifikiri, nami nikawa nauvuta tu, nikikungoja wewe.

Juzi, baada ya magharibi, Mhindi mmoja alileta mtambo wa picha zinazotembea. Akatundika uwanjani shuka lililoloweshwa maji ili picha ipenye hadi upande wa pili. Wanaume wakakaa mbele, sisi wanawake tukawekwa nyuma ya shuka kwa ajili ya sitara. Picha zenyewe hazisemi. Nilidhani tutaonyeshwa vita, kumbe ni vijana wa nchi ya mbali baada ya fujo zao: wanafagia, wanatengeneza mlango uliovunjwa. Mmoja akarudi kwao na furushi lake, akaketi, akala. Kwa mkono wa kushoto! Nikasema hii ni ishara, u njiani, mwenye duka nitamkataa.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia baba. Alicheka, kisha akaacha.

"Mwanangu, sisi tuliokuwa mbele tumemuona yuwala kwa mkono wa kuume. Nyinyi mwalikuwa nyuma ya shuka, na huko kuume huonekana kushoto."

Nililia, mwana wa ami. Nililia hata Bibi akaniletea maji bila kusema neno, nawe wajua hiyo si kawaida yake. Nimekupenda, na nimechoka kukuona mahali usipokuwepo. Asubuhi nikamwambia mama nimekubali.

Kofia yako nimeimaliza. Mama alisema nimpe mwenye duka, lakini ulipoletwa uzi wa kipimo chake tulicheka sana: ana kichwa kikubwa, maskini! Yake nimeianza upya.

Yako imo sandukuni. Siku ukirudi, piga hodi kama ndugu wa nyumba hii, nitakutolea. Ipokee kwa mkono uupendao.

Wasalaam,
Dadako