Joto la Gesi na Ukuta wa Upande Wako

Mpendwa Mama Paulina,

Asubuhi ukungu wa Ngorongoro ulishuka mpaka hapa kwetu Daa, na kifua kimenibana tangu nilipoamka. Binti yetu anafungasha nguo zangu. Anataka kunipeleka kwake Arusha, karibu na hospitali kubwa. Nimemwambia njia ina vumbi, nimemwambia sipendi kelele za mjini. Sababu yenyewe sijamwambia. Nakuambia wewe kwanza, maana kuondoka naondoka, ila siyo kwenda Arusha.

Unakumbuka tulivyochoma matofali ya nyumba hii? Nilikuwa likizo kutoka kiwandani, na hesabu za joto la tanuru la huko zilikuwa zimenishinda. Kwenye karatasi tanuru hilo lilikuwa na joto dogo kuliko vipimo vilivyoonyesha. Wewe ukainama kwenye mdomo wa tanuru letu la matofali. Kuni zilikuwa zimeshika vizuri, moshi umekwisha, mwali hauonekani. Ukaruka nyuma umejishika nyusi.

"Baba Paulina, nani kaniunguza? Mbona moto sijauona?"

"Makaa. Na hewa yenyewe."

"Hewa nayo ina mikono?"

Nikakueleza, kwa raha ya mtu aliyepata wa kumsikiliza, kwamba gesi ya kuni zinazoungua, yaani hewa ya ukaa na mvuke wa maji, ikipata moto sana hurusha joto kama makaa, ila jicho halilioni. Tena hairushi joto la kila aina. Aina moja huitoa kwa nguvu, nyingine huiacha ipite kana kwamba gesi haipo. Kukokotoa yote hayo ni kazi, ndiyo maana katika hesabu za kiwandani nilikuwa nimeipa gesi nzima namba moja ya wastani.

Ukacheka. "Kama unavyonipima mimi. Nikinyamaza tu, unasema nimepoa."

Niliporudi kiwandani niliigawa gesi ile katika mafungu kufuata aina za joto, kila fungu na uzito wake katika jumla, na hesabu ikakaribia vipimo. Ila wewe sikukujibu. Hatukulelewa kuambiana maneno ya namna hiyo.

Basi jibu ni hili: kunyamaza kwako hakukuwa kupoa. Tangu ulipotutoka nalala upande wako, kwenye ukuta wa magharibi unaopigwa na jua mchana na kulirudisha joto jioni. Sitaki kufia mbali na ukuta huu.

Hapo niliweka kalamu chini. Ukungu ulikuwa umefunguka tangu mchana, jua linaelekea kuzama. Nikamwita Paulina, nikakiweka kiganja chake ukutani.

"Ukuta una joto," akasema. Kisha, taratibu, "Mama alikuwa analala hapa?"

"Hapa. Na mimi sasa nalala hapa."

Alikibakiza kiganja ukutani kidogo. Halafu akaliendea begi, akatoa blanketi langu, akalitandika kitandani, upande wako.

Nisogezee nafasi kidogo. Nitakukuta hivi karibuni.

Mumeo,
Baba Paulina