Somo Yako Kasukwa Twende Kilioni

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Naiweka mbele ya yote, maana nikianza na habari nitaisahau, na wewe nakujua, hutanisamehe. Goti linaendeleaje? Na paa mmeshaziba, au bado mnakinga ndoo mvua ikinyesha? Sisi huku ughaibuni, hapa Al Wukair, tu wazima, alhamdulillahi. Baba Sauda bado anaendesha gari la hoteli kule The Pearl. Anarudi amechoka, lakini anarudi. Joto ndilo hilo, kutoka mlangoni hadi kwenye gari umeshaiva.

Ningeweza kupiga simu, lakini ingekatika kabla sijafika kwenye utamu. Na utamu ninao, mama! Kaa vizuri.

Unakumbuka nilikwambia somo yako Sauda hazitaki nywele zake? Shuleni mtoto mmoja alimwambia zinafanana na stilwaya ya kusugulia masufuria. Tangu hapo kofia haimtoki kichwani, hata tukiwa tunakula. Akanililia nimtie dawa zinyooke. Mtoto wa miaka saba! Babake akataka kumwambia mkataa kwao mtumwa, nikamkanyaga mguu. Nililia peke yangu jikoni, mama, kisha nikashindwa. Nikanunua dawa, nikamwahidi nitamtia Ijumaa tukishatoka kwenye sherehe ya watoto.

Sherehe yenyewe tuliiandaa sisi akina mama wa Afrika Mashariki, katika ukumbi mmoja pale Al Thumama, ili watoto wetu waliozaliwa huku wakujue kwao kwa mikono yao wenyewe. Meza moja ngoma za makopo ya maziwa, nyingine kupiga chapa za kanga kwa viazi vilivyochongwa. Mimi nikapewa kusuka! Mtoto anakata uso wa katoni, anaupaka rangi, anatoboa matundu juu, anapitisha uzi mweusi wa sufu, halafu anausuka.

Tukakwama kwenye rangi. Mama Brian, yule rafiki yangu nesi Mkenya, akainua chupa iliyoandikwa rangi ya ngozi. Ya pinki, mama, kama peremende!

"Wacha!" akasema. "Sasa hii ni ngozi ya nani hapa? Hebu leteni mikono, tutajichanganyia yetu."

Laiti ungewaona! Nyekundu, manjano, tone la bluu, kila mtoto analinganisha na mkono wake. Huyu mweusi tititi, huyu maji ya kunde, yule chai ya maziwa. Wanagombana kwa furaha nani kaipata yake. Nikaingia kuwaonyesha kusuka, nikavuta kama ulivyokuwa ukituvuta wewe mpaka macho yanakwenda pembeni. Katoni likajikunja! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkono ni wako, mama, usikatae.

Sauda muda wote kakaa kando na kofia yake. Mara akauliza, "Mama, Bibi rangi yake ipi?"

Nikampa picha yako ninayotembea nayo kwenye pochi, ile uliyosukwa twende kilioni, mistari imenyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Akaitazama sana. Akaivua kofia kwa sababu ilikuwa inamziba macho, akasahau kuivaa tena. Akachanganya, akafuta, akachanganya. "Yalla, nimempata!" alipiga kelele na Kiarabu chake cha shuleni, ukumbi mzima ukageuka. Na kweli kakupata, mama, ni wewe mtupu.

Jioni nikaitoa ile dawa kabatini, maana ahadi ni deni, ingawa moyo uliniuma. Akaiangalia, akaliangalia katoni lake.

"Khalas, Mama, basi, sitaki. Nisuke kama Bibi."

Akaja kukaa chini katikati ya magoti yangu. Nilifurahi mpaka mstari wa kwanza ukaenda upande. Naye kulalamika, "Polepole, Mama, unaniumiza!" Na yeye sasa ajue tuliyoyapata! Jumapili, ndiyo Jumatatu yao huku, kaenda shule kichwa wazi. Nilisimama getini mpaka kaingia darasani, hakugeuka hata mara moja kuniomba kofia.

Nisalimie shangazi Mwanaisha na mtoto wake mchanga, na mdogo wangu Hemedi huko kwenye cherehani yake. Jirani Mama Mwanjaa, anayekuja kusukwa kibarazani kwako, mwambie msusi wake kapata mshindani.

Katoni la Sauda lenye uso wako namkabidhi dada mmoja wa Pangani anayekuja likizo, yeye ndiye atakayekupa barua hii. Ukilifungua utakuta upande wa kushoto uzi unaning'inia haujasukwa. Usiseme mjukuu wako mvivu. Nilitaka kummalizia, akanipiga mkono. "Hapo acha," akasema. "Hapo pa Bibi. Tukienda atamaliza, mimi nimshikie uzi."

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa