Orodha ya Wenye Nyumba

Ndia Kuu, Mombasa
4 Machi 1912

...na hilo la asumini sijalimaliza, Mona wangu. Tangu uende Malindi kumuuguza shangazi, mto wako ungali wanukia maua hayo, nami silali ila juu yake. Miezi miwili ya ndoa, kisha mtu aachwe hivi! Shangazi ana nafuu? Mimi mzima, kasoro wewe.

Sasa nisikize. Serikali yataka mtaa wetu uchague mzee wake, nami karani ndiye niandikaye orodha. Kanuni ni moja: achaguaye na achaguliwaye awe mwenye nyumba, kwa hati. Babako keshashonesha joho la uzee huo. Lakini nyumba anayokaa ni ya mamako, aliyopewa na babake siku ya harusi, kama ulivyopewa wewe hii yetu. Waume wa mtaa karibu wote ni hivyo! Nikimwandika, ni uongo. Nikimwacha, ni aibu. Nifanyeje, kipenzi?

Mumeo,
Akil

Malindi
11 Machi 1912

Mume wangu,

Salamu zako zimefika. Shangazi jana kanywa uji. Barua zako nazisoma nikicheka peke yangu, hata naulizwa nina nini.

Usiandike uongo. Lakini kanuni yasema mwenye nyumba; yasema mwanamume? Waandike kina mama, tuone afisi itajibu nini. Na baba mwambie wewe, faragha, kabla hajasikia mbele za watu. Kunyimwa huvumilia, kuchekwa, hapana.

Mkeo akupendaye,
Mona

Mombasa
20 Machi 1912

Mona, roho yangu,

Nakuombea afya, na shangazi pia. Barua yako ilifika Jumatatu. Orodha ilisomwa Jumamosi. Sikuwa nimemwambia babako. Niliogopa.

Yalisomwa majina tisa tu. Babako akasimama na joho lake: "Na mimi?" Nikasema, "Baba, nyumba ni ya mama." Faraj mshoni akapiga kelele, "Kumbe mzee wetu ni mgeni wa mkewe!" Watu wakacheka, na wao wenyewe hawamo orodhani. Akachaguliwa tajiri asiyetujua, kwa mikono mitano.

Jumatatu nilipeleka afisini neno lako la kina mama. Nikaambiwa orodha imefungwa.

Babako kachukua msala na kanzu mbili, kahamia kwa nduguye Majengo. Mama kamfuata mara mbili: "Bwana, rudi nyumbani kwako." Akamjibu, "Kaiulize afisi ni kwa nani." Salamu yangu haitikii. Kanuni sikuitunga mimi, lakini mkono ulioandika ni wangu.

Kabla mwezi haujaisha nitakuja Malindi kukuchukua, twende kwa babako sote wawili.

Mumeo,
Akil